Brokoli Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliolazimishwa. Nyie watu wazima huko nyuma, mnaojifanya mmekuja kuwachukua watoto tu, nanyi itikieni. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini? Pakawa na kijiji. Kijiji kikawa na kamati, kamati ikawa na kiti, na kwenye kiti akakaa Ngiri. Sasa tulieni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiishi kwa mikutano, kulikuwa na kijiji juu mlimani. Kijiji kiliitwa Ukunguni. Kulikuwa na baridi huko, baridi ya kweli. Asubuhi ukungu unaingia nyumbani kwako bila hodi, unakaa mpaka uchoke nao, unaondoka bila kuaga.

Mwenyekiti wa Ukunguni alikuwa huyo Ngiri. Alikuwa na meno yanayochungulia nje, shingo fupi, na mkia uliokuwa ukining'inia chini kama mikia ya watu wengine. Mkumbuke huo mkia. Katibu wake alikuwa Kasuku. Kasuku alipewa ukatibu kwa kipaji kimoja tu: akisikia neno, analirudia vilevile lilivyo. Kamati iliona hiyo ndiyo elimu.

Basi kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Kitu hakianzi mpaka kizinduliwe. Na hakizinduliwi mpaka aje mgeni rasmi. Na mgeni rasmi alikuwa mmoja tu, Kiboko, aliyekaa mtoni kule bondeni. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu kamati ilikubaliana kwamba mgeni rasmi lazima awe mzito.

Walichimba kisima. Maji yakatoka, safi, baridi. Wakakizungushia utepe, wakakaa kando ya kisima na kiu yao, wakamngoja mgeni rasmi. Walijenga choo. Choo kizuri, kina mlango. Wakafunga utepe mlangoni. Kiboko akachelewa masika nzima. Wanyama wakawa wanapita mbele ya choo kipya, wamebana matumbo, wanakimbilia kichakani, na wakirudi wanakisifia. Mwaka mmoja hata mvua ilinyesha kabla msimu haujafunguliwa. Kamati ikakaa palepale kwenye mvua, ikalowa mpaka kwenye mifupa, ikaamua kwamba mvua ile haikunyesha.

Msicheke. Mnacheka kama watu ambao kwenu mambo si hivyo.

Aliyekuwa akicheka kwa haki yake alikuwa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo wa kwenye miamba, mnene, hana mkia, ana macho ya kuuliza na mdomo wa kujibu. Bi Pimbi alikuwa na kipande cha bustani kati ya miamba miwili, alichoachiwa na mama yake. Pale maji yalichuruzika kutoka mwambani, chuu, chuu, chuu, na udongo ulikuwa na unyevu hata kiangazi. Bi Pimbi akipaangalia aliona mboga. Ngiri akipita aliona matope. Na ngiri akiona matope, nyie, moyo wake unalala humo kabla yake.

Kwa bahati, au tuseme si kwa bahati, kijiji kilikuwa na sheria: bustani isiyotoa chakula mpaka vuli ianze, inakwenda kwa kamati. Sheria hiyo Ngiri aliitunga mchana mmoja akiwa amesimama kwenye ukingo wa bustani ya Bi Pimbi.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mbaya. Maharage ya Bi Pimbi yaliungua kwa baridi. Mchicha ukaliwa na konokono, na konokono hawakuacha hata mizizi ya kuonyesha ushahidi. Ngiri akawa anapita kila asubuhi, anasalimia vizuri mno, anauliza hali ya bustani kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa aliyemwandikia urithi.

Bi Pimbi alibakiwa na kitu kimoja. Alibakiwa na mbegu. Mbegu hizo aliachiwa na Korongo, ndege msafiri, ambaye alikaa kwake siku za mvua akiuguza bawa. Zilikuwa nyeusi, ndogo, kama vichwa vya siafu. Korongo alipokuwa anaondoka alimwambia hivi:

"Inaitwa brokoli, dada. Inapenda baridi kama hii yenu. Kwanza itatoa majani, utadhani kabichi. Kisha katikati kitatoka kichwa cha kijani, kimekaza kama ngumi. Kikiwa ngumi, kata, ule. Kikifunguka kama kiganja, umechelewa. Kikipiga umanjano, hiyo si mboga tena, hayo ni maua, waachie nyuki."

Akaruka, akaenda zake.

Bi Pimbi akaandaa kitalu. Akasia mbegu, akazifunika kwa udongo mwembamba, akazitilia kivuli cha majani ya mwituni. Miche ikatoka. Ilipokuwa na nguvu akaihamishia bustanini jioni jua likiwa limepoa, mche hapa, mche pale, na kila mche na nafasi yake ya kunyoosha mikono. Mbolea hakuitafuta mbali. Ukoo wa pimbi, kama mjuavyo, wote huenda haja mahali pamoja, tangu enzi za mababu, na hawajawahi kungoja kuzinduliwa. Akabeba mbolea ya ukoo, akaitandaza. Vidukari walipokuja akawanyunyizia majivu. Viwavi walipokuja akawatoa mmoja mmoja kwa mkono, akiwatukana majina ya wajumbe wa kamati.

Brokoli ikakua. Majani yakapanuka, ya kijani chenye ukungu wa fedha, tone la maji likianguka linaviringika kama shanga. Kisha siku moja Bi Pimbi akafunua majani ya katikati, akakiona. Kichwa. Kidogo, kimekaza, kimejikunja ndani kama mtoto aliyefumbata pipi. Akafunua mche wa pili. Kichwa. Wa tatu. Kichwa. Bustani nzima vichwa.

Jirani yake, Digidigi, alikuja kuchungulia. Digidigi alikuwa ananyonyesha, na mwaka ule maziwa yalikuwa yanatoka kwa kusihiwa. Akauliza kama hizo ni kabichi zilizokosea njia. Bi Pimbi akamwambia ziache zikomae kidogo, shoga yangu, utakuja kula mpaka mtoto alewe maziwa.

Ngiri naye akaja. Hakuja kuchungulia. Ngiri alikuja kukagua.

"Bi Pimbi, hii nini?"

"Brokoli, Mwenyekiti."

"Inaliwa?"

"Kesho kutwa nitakuonyesha inavyoliwa."

Ngiri akazunguka bustani, gu, gu, gu. Aliona wazi kwamba chakula kikitoka hapa, matope yake yamekwenda. Lakini akaona na jambo la pili. Akasema kwamba tangu Ukunguni iwe Ukunguni hakuna aliyewahi kuotesha kitu hiki. Kitu cha namna hii hakikatwi tu kama mchicha. Kinazinduliwa.

Bi Pimbi akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Akamwambia Mwenyekiti akitaka kuzindua aanze na kile choo.

Ngiri hakukasirika. Ngiri alikuwa mjinga wa mambo mengi, lakini watu aliwajua. Akaongea taratibu, kama anajiongelea mwenyewe. Akasema kutakuwa na meza kuu, yenye kitambaa. Kutakuwa na viti vya kuegemea. Na kabla mgeni rasmi hajasema lolote, Katibu atasimama mbele ya kijiji kizima aseme: mkulima wa kwanza wa brokoli Ukunguni, Bi Pimbi, tunaomba asimame tumwone. Na watu watapiga makofi.

Bi Pimbi akaacha kucheka.

Maana maisha yake yote, kijijini pale, alikuwa ameitwa mara nyingi. Bi Pimbi lete maji. Bi Pimbi sogeza chungu chako, viti vinapita. Bi Pimbi, wewe kaa huko nyuma, huko unaona tu vizuri. Kuitwa asimame aonekane, hajawahi.

"Litatajwa jina langu lote?" akauliza.

"Lote. Na la mama yako."

Bi Pimbi akatazama bustani ya mama yake. Akasema basi sawa, lakini huyo Kiboko afanye haraka, vichwa havina subira. Ngiri akasema haraka sana. Na hapo ndipo Bi Pimbi, mcheka sherehe wa kijiji kizima, aliponaswa kama wengine.

Kamati ikaja na utepe mwekundu. Ukafungwa kuzunguka bustani, kwenye kimo cha kifua cha Kiboko, yaani juu kabisa ya kichwa cha Bi Pimbi. Kumwagilia ruksa. Kuvuna marufuku mpaka siku ya siku. Mstari wa mbele, ule unaoonekana kutoka njiani, wenye vichwa vikubwa kuliko vyote, ukapewa jina: Mstari wa Heshima. Kasuku akatua juu ya utepe, akakunja mabawa, akasema, "Itifaki imezingatiwa."

Ikaanza kungoja.

Kiboko akaleta habari kwamba jua la kupanda mlimani linamuunguza ngozi, atakuja siku ya mawingu. Mawingu yakaja. Kiboko akaleta habari kwamba siku hiyo anazindua dimbwi. Kamati ikaomba basi atume mwakilishi. Kiboko akamtuma Mamba amwakilishe. Mamba akamtuma Kenge amwakilishe Mamba. Kenge akapata udhuru wa msiba, akamtuma Chura. Chura akapanda mlima, ruka, pumzika, ruka, pumzika, akafika amekauka kama ganda la ndizi. Kamati ikampima. Hakuufikia utepe. Wakamwambia hana kimo cha kuzindua, wakampa maji ya kunywa, wakamrudisha.

"Itifaki imezingatiwa," akasema Kasuku.

Na brokoli? Brokoli haijui itifaki. Vichwa vilikomaa, vikajaa, vikakaza kama ngumi ya mtu mwenye hoja. Digidigi akawa anakuja kusimama nje ya utepe na mtoto wake mgongoni, anameza mate tu. Kisha asubuhi moja Bi Pimbi akiwa anamwagilia aliona. Kwenye kichwa kimoja, pembeni, vijitumba vilikuwa vimeanza kuachana.

Akaenda mbio hadi kwa Ngiri.

"Mwenyekiti, ngumi inafunguka."

"Iambie ingoje."

"Haina masikio."

"Basi wewe unayo. Ngoja wewe."

Bi Pimbi akamweleza yote, neno kwa neno, alivyoambiwa na Korongo. Akasema zikichanua si chakula tena, na bustani isipotoa chakula inakwenda kwa kamati. Ngiri akasema kwamba hilo ni jambo la kusikitisha sana. Alilisema huku anatazama bustani, na pua yake ilikuwa inanusa unyevu.

Bi Pimbi alirudi, akakaa juu ya mwamba wake. Upande huu kulikuwa na meza kuu, na kitambaa, na jina lake na la mama yake. Upande wa pili kulikuwa na vichwa vya brokoli vinavyofunguka kidole kimoja kimoja. Akalia kidogo. Mtu akililia makofi, mwacheni alie, ni njaa kama njaa nyingine. Alipomaliza akajifuta, akajiambia kwa sauti, "Mama hakuniachia meza."

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito, na kamati yote ilikuwa kikaoni ikibishania nani akae mkono wa kulia wa mgeni rasmi. Bi Pimbi akapita chini ya utepe kama alivyopita siku zote. Safari hii hakubeba maji. Alibeba kapu na meno yake.

Kru! Kichwa kimoja. Kru! Cha pili. Akashika mistari ya nyuma, kru, kru, kru, akakata kila kichwa na kipande cha shina lake, akaacha mche na majani yake umesimama. Mstari wa Heshima hakuugusa. Ule aliuacha usimame mbele kama pazia, ili Mwenyekiti akipita njiani aone anachotaka kuona.

Akateleka. Akakaanga kitunguu, akamimina rojo la karanga, akatia brokoli mwisho kabisa isije ikalainika ikapoteza rangi. Harufu ikatoka nje, ikageuza kona, ikaenda kumwita Digidigi bila yeye kutuma mtu. Digidigi akala. Akala tena. Mtoto wake jioni ile alinyonya mpaka akalala na chuchu mdomoni.

Siku ya pili wakaja na majirani wengine, kimya kimya, kila mmoja na bakuli lake. Na siku hiyo, kwenye dirisha, akatua Kasuku.

Wote wakaganda. Kasuku akatazama chungu. Akafungua mdomo kusema neno lake la itifaki, na Bi Pimbi, kabla neno halijatoka, akamtia mdomoni kipande cha brokoli chenye karanga.

Kasuku akatafuna. Akafumba macho. Akafumbua. Akasema kwa upole ambao haukuwahi kusikika kwenye kamati, "Ongeza, Bi Pimbi. Ongeza kidogo."

Tangu hapo akawa anakuja kila siku kukagua. Anakagua bakuli moja, anakagua la pili, anaondoka anapepesuka hewani. Aliapa hatasema. Na alikusudia kweli kutosema, maskini. Lakini kasuku ni kasuku.

Kilipofika kikao kikuu cha kamati, Ngiri akagonga meza, akamtaka Katibu asome kumbukumbu za kikao kilichopita. Kasuku akasimama, akakohoa, akaanza vizuri tu. Kikao kilifunguliwa. Wajumbe walihudhuria. Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe. Wajumbe walimshukuru Mwenyekiti. Kisha, kwa sauti ileile ya kumbukumbu:

"Yatokanayo. Ongeza, Bi Pimbi, ongeza kidogo. Leo karanga zimekolea."

 Wajumbe wakatazamana. Wengine wakatazama chini, maana nao walikuwa na bakuli zao.

Ngiri akaondoka mbio hadi bustanini, kamati nyuma yake. Akaupita Mstari wa Heshima, akachungulia nyuma, akaona mashina matupu, mstari baada ya mstari, yamekatwa kwa meno. Bi Pimbi akaletwa. Ngiri akamshitaki palepale kwa kuvuna kabla ya uzinduzi, akasema bustani haina chakula, bustani inakwenda kwa kamati leo hii.

Bi Pimbi akasema chakula kimetoka, na mashahidi ni matumbo ya nusu ya kamati. Alivuna, wakala.

"Uvunaji ambao haujazinduliwa," akasema Ngiri, "haujatokea."

Hapo mimi ningenyamaza. Bi Pimbi hakunyamaza.

"Haujatokea kabisa, Mwenyekiti?"

"Kabisa."

"Kama ile mvua?"

"Kama ile mvua."

"Basi kama sijavuna, unanishitaki kwa kosa gani?"

Kamati ikakwama. Mjumbe mmoja akapendekeza chai. Ngiri akazunguka, gu, gu, gu, na mwishowe akatoa hukumu: kwa kuwa uvunaji haujatokea, kosa nalo halijatokea. Lakini siku mgeni rasmi atakapokuja, utepe utakapokatwa, lazima chakula kionekane bustanini. Kisipoonekana, bustani ni ya kamati. Na mpaka siku hiyo, Mstari wa Heshima asiuguse mtu.

Bi Pimbi akautazama Mstari wa Heshima. Vichwa vilikuwa tayari viganja. Akajua Ngiri ameshinda, maana siku Kiboko atakapofika patakuwa na maua matupu.

Akafanya nini? Hakuwa na la kufanya. Aliendelea kumwagilia. Alimwagilia mashina yaliyokatwa, mstari kwa mstari, kwa ukaidi tu, kwa sababu bustani bado ilikuwa yake na mtu haachi kumwagilia chake ati kwa sababu kesho kitachukuliwa. Majirani wakadhani uchungu umempanda kichwani. Ngiri akimwona anamwagilia visiki alikuwa anafurahi mno, maana matope yalikuwa yanazidi kuwa mazuri.

Mstari wa Heshima ukachanua. Ukapiga njano, njano ya kung'aa, ndefu, inayumba kwa upepo. Nyuki wakasikia. Wakaja, wakaita na ndugu zao. Vuuu. Asubuhi vuuu. Mchana vuuu. Kamati ikapita, ikasifu, ikasema kumbe brokoli inapendeza hivi, ingekuwa ujinga kuikata mapema.

Na siku moja, siku ya manyunyu na mawingu, Kiboko akaja.

Alipanda mlima kwa kishindo, gubu, gubu, gubu, anapumua kama mvukuto. Meza kuu ikawekwa. Kitambaa kikatandikwa, bendera ikasimamishwa juu yake. Kwaya ya kanga ikaimba wimbo wenye jina la Kiboko katika kila mstari. Kasuku akasimama kutambua waliohudhuria. Akamtambua Mheshimiwa Kiboko. Akamtambua Mwenyekiti. Akawatambua wajumbe, wake za wajumbe, kwaya, walioleta viti, na aliyeshona kitambaa. Akasema, "Itifaki imezingatiwa." Akaketi.

Bi Pimbi alikuwa amesimama nyuma. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri, hata hivyo. Alingoja kidogo, labda limesahaulika, labda litatajwa mwishoni. Halikutajwa. Digidigi akamgusa bega.

Kiboko akahutubia. Akasema amefurahi mno kuziona kabichi hizi za manjano. Akasema alizifikiria sana alipokuwa mtoni. Akaahidi kuzifikiria tena. Ngiri akamwongoza hadi kwenye utepe, akamwomba aonje zao la kwanza kwa niaba ya wananchi. Akageuka kwa Bi Pimbi, akamwambia kwa sauti ya chini, huku anatabasamu kwa meno yake yote, kwamba akamalizie kutoa vyungu vyake, jioni anaanza kuchimba matope.

Kiboko akasogea. Tumbo lake likausukuma utepe, pwaa, ukakatika. Akafungua mdomo. Mnaujua mdomo wa kiboko? Nyumba yenye mlango wa mbele tu. Akaufungua juu ya Mstari wa Heshima, akafunga.

Maua yakaingia. Na nyuki wakaingia na maua.

Vuuu ikahamia tumboni. Macho ya Kiboko yakatoka. Akatoa mlio ambao mpaka leo watu wa bondeni wakisikia ngurumo husema labda ni ule unarudi. Akageuka, akaenda na meza kuu, akaenda na kitambaa, akashuka mlima gubugubugubugubu mpaka mtoni, akazama, na ndiyo maana mpaka kesho kiboko anashinda majini, anatoa pua tu, anaangalia kama nyuki wameondoka.

Nyuki waliobaki nje wakamtafuta aliyewaletea mgeni. Wakamkuta Ngiri. Ngiri akataka kukimbia, lakini yeye ndiye mwenye itifaki, na msafara wa mgeni rasmi hauondoki bila bendera mbele. Bendera ilikuwa imekwenda na meza. Basi akainua mkia. Akausimamisha juu, wima, na kishada chake kikapepea, akatangulia mbio mbele ya nyuki wote kwa heshima zote. Ndiyo maana hata leo ukimwona ngiri anakimbia, mkia uko juu. Anaongoza msafara. Wageni hawaonekani, lakini yeye hajaambiwa kwamba sherehe imekwisha.

Uwanja ukatulia. Kasuku alikuwa juu ya mti. Digidigi akamwuliza swali moja tu: hivi, imezinduliwa au haijazinduliwa?

Kasuku akafikiri. Mgeni rasmi amekuja. Amehutubia. Utepe umekatika, na aliyeukata ni yeye. Akasema imezinduliwa. Wajumbe, waliokuwa wanatokeza kichwa mmoja mmoja chini ya viti, wakakubali. Lakini wakasema pia, kwa aibu kidogo, kwamba hukumu ni hukumu: chakula kionekane.

Bi Pimbi akasema twendeni.

Akapita kwenye Mstari wa Heshima uliokanyagwakanyagwa, akawapeleka nyuma, kwenye mashina aliyoyamwagilia. Yeye mwenyewe alikuwa ameona kilichotokea huko siku chache tu nyuma, akafunga mdomo wake, na kwa pimbi hiyo si kazi ndogo. Pale alipokata kichwa kimoja, kwenye kwapa za majani yote, vilikuwa vimechipuka vichwa vingine. Vidogo, vya kijani, vimekaza. Kila shina na vyake. Ngumi za watoto, bustani nzima. Hili Korongo hakulisema. Labda alilisahau, labda alidhani kila mtu anajua. Na Mstari wa Heshima, ambao haukukatwa, haukuwa na hata kimoja.

Kru, akakata cha kwanza mbele ya wote. Kikaonekana.

Jioni ile kijiji kizima kilikula kwa Bi Pimbi, wamekaa chini, bila meza. Ngiri alifika mwisho. Uso ulikuwa umevimba, macho mistari miwili, mdomo kama mto wa kulalia. Alitaka kutamka jambo kuhusu taratibu, midomo ikakataa. Bi Pimbi akamtazama. Angeweza kumwambia mengi, na yote alikuwa nayo tayari. Akampa bakuli.

Ngiri akala. Taratibu, upande mmoja wa mdomo. Akamaliza, akalamba bakuli, akalitazama. Watu wote wakageuka kumsikiliza Mwenyekiti. Akalinyoosha mbele.

"Bi Pimbi," akasema. "Binti Kwangura. Ongeza kidogo."

Kwangura lilikuwa jina la mama yake. Ngiri alilijua siku zote.

Bi Pimbi akaongeza.

Funzo lake nalisema mwenyewe, nisije nikaundiwa kamati ya kulitafuta. Chakula kikikomaa, kata, ule na jirani yako. Ukikiacha kimngoje mkubwa aje akusifie, utabaki na maua, na maua yana nyuki. Na ukikata kwa wakati wake, shina litakupa tena.

Hadithi yangu imefika hapa, imekaa chini. Haingoji mtu wa kuifunga rasmi. Nyie wa nyuma, chukueni watoto wenu.